Manifoldi mpya kwenye 4A-GE na gari bado halivuti: tafuta tatizo kwa dalili

4A-GE ya valvu 16 ni injini ya Toyota inayoomba kuzungushwa. Ujazo wake ni cc 1,587, kipenyo cha silinda milimita 81, na pisitoni inatembea milimita 77 tu. Ndiyo maana kila anayeifungua hufikia wazo lile lile: toa manifoldi ya kiwandani (mirija inayopeleka hewa kwenye silinda), weka yenye mirija mifupi na throtoli kubwa (kipepeo cha hewa kinachofunguliwa na pedali), au chukua throtoli nne za ndugu yake wa valvu 20 uzifunge kwa bamba la kuunganishia. Gari linawashwa, linanguruma vizuri, halafu mwenyewe anarudi gereji siku ya pili akiwa na malalamiko.

Malalamiko hayo nimeyapanga hapa kwa maneno ya wateja. Kabla ya yote, jua kwamba manifoldi huhamisha nguvu zaidi kuliko inavyoongeza. Unachukua chini, unapeleka juu. Ukikosa juu na chini pia, usikimbilie kukata mirija upya, maana mara nyingi kosa liko kwenye hewa inayoingia pembeni, kwenye mafuta au kwenye moto wa plagi. Fuata mpangilio huohuo: hewa, mafuta, moto, kisha ndiyo uguse urefu wa mirija.

Jambo lingine la kujua mapema ni injini yako inapimaje hewa. Kuna 4A-GE zenye kipimo cha hewa cha mlango, kile kiboksi kinachokaa baada ya chujio, na kuna zenye sensa ya MAP inayosoma presha ndani ya manifoldi. Ugonjwa mmoja hutoa dalili tofauti kwenye mifumo hii miwili, na fundi asiyeuliza swali hilo atabadilisha vipuri vizima.

"Sailensa inapanda na kushuka yenyewe"

Hili ndilo lalamiko la kwanza (sailensa ni resi ya injini mguu ukiwa nje ya pedali), na karibu kila mara jibu lake ni hewa ya pembeni.

Kwenye injini yenye kipimo cha mlango, hewa inayoingia baada ya kipimo haihesabiwi. Mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, injini inamisi kwenye sailensa, inataka kuzima, lakini ukiikanyaga inatulia. Inatulia kwa sababu ule mwanya ni mdogo ukilinganisha na hewa yote inayoingia kwenye resi ya juu.

Kwenye injini yenye MAP mambo ni mengine. Hewa ya pembeni inapandisha presha ndani ya manifoldi, sensa inaiona, na ECU, kompyuta ya injini, inaongeza mafuta. Mchanganyiko unabaki wa kuridhisha, ila sailensa inapanda. Swichi ya throtoli nayo inaiambia ECU kwamba mguu hauko kwenye pedali. ECU ikiona resi iko juu na pedali imeachiwa, inadhani gari linateremka mlima, inakata mafuta. Resi inaanguka, mafuta yanarudishwa, resi inapanda, yanakatwa tena. Mteja anasikia gari likipumua: wuu, wuu, wuu. Chomoa soketi ya sensa ya throtoli kwa muda. Kama kupumua kunakoma na resi inabaki juu bila kuyumba, acha kusumbua nozeli. Tafuta mwanya.

Mwanya wa kwanza kushuku ni bamba la kuunganishia lenyewe. Bamba lililochomelewa hujikunja kwa joto, na jicho halioni. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, pitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini. Likiwa limejikunja, lipeleke likasawazishwe kwenye mashine. Usijaribu kuziba kwa silikoni. Silikoni ya kawaida ikikutana na petroli huvimba, hulainika, na vipande vyake huishia kwenye valvu. Bolti nazo zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia mkazo, kisha zirudiwe injini ikishapata moto na kupoa.

Mwanya wa pili unapatikana kwenye injini za mwanzo zenye T-VIS, mfumo wa Toyota unaofunga nusu ya mirija resi ikiwa chini. Kuna bamba lenye vipepeo vinne kati ya manifoldi na kichwa cha injini. Watu huvitoa vipepeo na shafti yake kisha wanalirudisha bamba lilelile. Matundu ya ile shafti yanabaki wazi, kila moja likivuta hewa kimyakimya.

Mwanya wa tatu si mwanya kabisa. Chini ya throtoli ya kiwandani kuna valvu ya kupandisha sailensa injini ikiwa baridi, na inafungwa na joto la maji ya rejeta. Ukihamisha throtoli na kuziba mipira ya maji kwa sababu "inachafua muonekano", valvu hiyo haipati joto. Inabaki wazi asubuhi hadi jioni. Rudisha maji, au iondoe valvu na uzibe njia yake ya hewa.

Namna ya kupima: wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio injini ikiwaka na kusikiliza resi. Inafanya kazi, lakini unanyunyiza kitu kinachoshika moto juu ya bomba la ekzosi lenye joto kali. Mimi hufanya hivi: injini imezimwa, naziba mdomo wa throtoli na mpira wa kupumulia wa injini, natia upepo mdogo sana wa kompresa, usiozidi robo ya bar, halafu napaka maji ya sabuni kila ungio. Povu linaonyesha penye kosa. Utasikia upepo mwingine ukipotelea ndani kupitia valvu zilizo wazi, hiyo ni kawaida.

"Fundi, chini gari limekuwa kama limebeba mchanga"

Hapa lazima utofautishe kilichoharibika na kilichonunuliwa.

Toyota waliweka T-VIS kwa sababu kichwa cha kwanza cha 4A-GE kina matundu makubwa. Kila silinda ina mirija miwili, na mmoja unafungwa na kipepeo resi ikiwa chini, ili hewa yote ipite kwenye mrija uliobaki kwa kasi. Resi ikivuka 4,000 na kidogo, vipepeo vinafunguka. Mwaka 1989 walipopunguza ukubwa wa matundu waliuondoa mfumo huo. Kwa hiyo ukiwa na kichwa cha matundu makubwa ukatoa T-VIS, umebaki na bomba pana linalovutwa na pumzi ndogo. Uzito ule wa chini ndio bei yenyewe. Ukitaka kuupunguza, badilisha meno ya difu ili injini ikae kwenye resi inayoipenda. Usitegemee ECU irudishe kile ambacho bomba limeondoa.

Kama T-VIS bado ipo, ipime. Fimbo ya kisukumizi chake inavutwa na vakyumu. Injini ikizimwa vipepeo viko wazi. Washa: fimbo inapaswa kuingia na kuvifunga. Piga resi taratibu hadi ipite 4,400: fimbo inatoka ghafla. Isipoingia kabisa, mpira umepasuka, kitangi cha vakyumu kinavuja, au mpira umechomekwa kwenye mdomo usio na vakyumu baada ya kubadilisha manifoldi. Hapo gari litakuwa zito chini bila wewe kutaka.

Kinyume chake hutokea pia, na hudanganya zaidi: fimbo inaingia, haitoki. Shafti imeganda kwa masizi ya oili, au mtu ameunganisha kisukumizi moja kwa moja na kitangi cha vakyumu akairuka valvu ya umeme. Gari ni tamu hadi 4,000 kisha linakuwa kama limefungwa kamba. Nimeona manifoldi nzuri ikitupwa kwa kosa hili.

"Juu halina kitu"

Anza na jambo la aibu. Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage pedali hadi chini, wewe uchungulie mdomo wa throtoli. Kishikio kipya cha waya mara nyingi huiacha throtoli ikifunguka robo tatu tu.

Ikifunguka yote, pima kama kuna kinachoizuia hewa. Washa swichi bila kuwasha injini, soma MAP. Hiyo ndiyo presha ya anga ya mahali ulipo. Kisha endesha, kanyaga yote hadi 7,000, soma tena. Tofauti ikiwa kPa 1 au 2, chujio na throtoli havina kosa, na throtoli kubwa zaidi haitakupa chochote isipokuwa pedali inayoshtuka. Tofauti ikifika 6 au 7, kuna kitu kinabana kabla ya manifoldi. Usilinganishe na 100. Dar es Salaam na Mombasa utasoma karibu 100, lakini Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, anga lenyewe ni kama 82. Kijana akisoma 81 Nairobi akiwa ameifungua throtoli yote, injini yake ni nzima. Kinachokosekana ni hewa ya mlima, na hiyo haiuzwi.

Kisha mafuta. Kwa injini isiyo na tabo, ukikanyaga yote unataka uwiano wa hewa na mafuta kati ya 12.5 na 13 na kidogo. Uwiano ukiwa mzuri hadi 5,500 halafu ukapanda kuelekea 14, pampu, chujio la mafuta au nozeli zimefika mwisho. Kumbuka muda unavyopungua: kwenye RPM 7,500 mizunguko miwili, yaani kazi nzima ya silinda moja, inachukua milisekunde 16 tu. Nozeli zikiwa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda huo, hazina akiba. Angalia pia mpira mdogo wa vakyumu unaokwenda kwenye kidhibiti cha presha ya mafuta. Ukisahauliwa hewani, presha inabaki ya juu hata kwenye sailensa, plagi zinakuwa nyeusi, na mwenyewe anadhani anahitaji nozeli ndogo.

Mafuta na moto vikiwa sawa, tazama kamshafti. Zile za kiwandani za injini hizi hufungua valvu kwa digirii kama 240. Injini ya kwanza ya Japani ilitoa kilele chake kwenye RPM 6,600, na hiyo ilikuwa kazi ya kamshafti pamoja na ekzosi na kila kitu kingine. Manifoldi ya mirija mifupi ikiomba 8,000 huku kamshafti imeshafunga duka, unapata kelele tu. Na kama juu kuna mlio wa kugonga pamoja na nguvu kukatika ghafla, shusha mguu. Springi za valvu zimeshindwa kufuata kamshafti, na ukiendelea injini inaweza kuharibika.

Kung'arisha mirija ndani hadi ujione sura si tiba ya lolote kati ya haya. Piga msasa kuondoa ngazi pale mrija unapokutana na kichwa, basi. Manifoldi ya matundu madogo ikifungwa kwenye kichwa cha matundu makubwa huacha ngazi ambayo kidole kinaisikia, na hiyo ndiyo ya kushughulikia.

"Linavuta, linaachia, linavuta tena"

Shimo la nguvu katikati, tuseme 4,800 hadi 5,300, ndilo linalowachanganya watu zaidi.

Valvu ya kuingiza inapofunga, hewa iliyokuwa inakimbia inajigonga, na wimbi la presha linarudi juu ya mrija kwa mwendo wa sauti, karibu mita 340 kwa sekunde. Likifika mdomo wa mrija linageuka, linashuka tena. Ukiwa na kamshafti ya digirii 240, valvu inabaki imefungwa digirii 480. Kwenye RPM 7,000 hizo ni milisekunde 11 na kidogo, na wimbi limesafiri karibu mita 4, likipanda na kushuka mara kadhaa, kila safari likizidi kudhoofika. Kwenye 3,500 limesafiri mara mbili ya hapo. Likiwasili valvu inapofunguka likiwa na msukumo, linasaidia kujaza silinda. Likiwasili likiwa na mvuto, linanyang'anya. Shimo lako huenda ni huko kuwasili kubaya.

Neno ni "huenda", kwa sababu shimo la mafuta lina sura hiyohiyo. Kuyatenganisha, badilisha urefu. Chonga vipande vya bomba vya milimita 30 au 40, viongeze kwenye midomo ya mirija, endesha barabara ileile kwa gia ileile. Shimo likihamia resi ya chini, ni wimbi, na sasa unaweza kuchagua urefu unaolipeleka mahali usipopita sana. Likibaki palepale, mirija haina kosa. Rudi kwenye ramani ya mafuta na moto ndani ya ECU, chunguza seli za resi hiyo. Hakikisha pia mdomo wa mrija haukaribii ukuta wa tangi la hewa, kile chumba ambamo mirija yote huanzia. Nafasi iliyo ndogo kuliko kipenyo cha mrija hubana hewa na kuvuruga wimbi, na vipimo vyote vya urefu vinakuwa uongo.

"Plagi moja nyeupe, nyingine kahawia"

Badilishana nozeli kati ya silinda nyeupe na jirani yake. Weupe ukifuata nozeli, isafishe au ibadilishe. Ukibaki kwenye silinda ileile, angalia gaskiti ya hapo kwanza. Ikiwa nzima, ni mgawanyo: tangi lenye throtoli upande mmoja mara nyingi huipendelea silinda ya mbali, kwani hewa ina mwendo na haipendi kukata kona ya kwanza. Kama ECU yako inaruhusu kurekebisha mafuta kwa kila silinda, fanya hivyo. Kama hairuhusu, weka mafuta ya kuitosheleza ile iliyo kavu, nyingine zivumilie.

"Breki zimekuwa ngumu" au "resi haishuki"

Simamisha gari. Busta ya breki inahitaji vakyumu kutoka kwenye tangi, au kutoka kwenye mirija yote minne iliyounganishwa, kwa mpira mnene wenye valvu ya upande mmoja. Mdomo mdogo uliotobolewa kwenye mrija mmoja hautoshi. Resi isiyoshuka ni waya uliopinda sana, springi dhaifu, au kipepeo kinachogusa bamba joto likipanda. Hakuna kujaribu barabarani hadi liishe.

"Nimeweka throtoli nne, gari halijielewi"

Injini za valvu 20 zilitoka kiwandani na throtoli nne: ya kifuniko cha fedha kuanzia 1991 ikitumia kipimo cha mlango, na ya kifuniko cheusi kuanzia 1995 ikitumia MAP. Kwa hiyo MAP na throtoli nne vinaweza kuishi pamoja, lakini si kwa mpira mmoja kutoka mrija mmoja. Ukifanya hivyo usomaji wa MAP unatetemeka kama mtu mwenye homa, kwani sensa inasikia pumzi ya silinda moja moja. Toa mpira mwembamba kwenye kila mrija, ikusanye kwenye kitangi kidogo, kisha mpira mmoja uende kwenye sensa.

Kabla ya hapo, sawazisha throtoli. Kipimo cha mtiririko juu ya kila mdomo, injini ikiwa moto, skrubu zigeuzwe kidogo kidogo hadi zote zisome sawa kwenye sailensa, kisha urudie kwenye 2,500. Throtoli zisizosawazishwa hufanana kabisa na hewa ya pembeni, na utapoteza siku ukipaka sabuni.

Ule wavu wa mapambo kwenye midomo si chujio. Vumbi la barabara ya murram likipita hapo, ringi na kuta za silinda ndizo zinazolipa. Midomo wazi ndani ya boneti pia inavuta hewa ya moto: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, wingi wa hewa hupungua karibu asilimia 3. Jenga kasha lenye chujio, liletee hewa kutoka mbele.

"Nairobi safi, Mombasa inanoki"

Wengi wenye throtoli nne huishia kuiseti ECU isome mafuta kwa pembe ya throtoli na resi tu, bila MAP, kwa sababu throtoli ikishafunguka kidogo presha inakimbilia ya anga na MAP haina la kusema. Inafanya kazi vizuri mahali ulipoisetia. Lakini pembe ya throtoli haijui mwinuko. Gari lililosetiwa Nairobi kwenye hewa ya kPa 82 likishuka pwani linakutana na hewa nzito zaidi kwa zaidi ya asilimia 20, huku ECU ikimwaga mafuta yaleyale ya mlimani. Uwiano uliokuwa 12.8 unapita 15 ukiwa umekanyaga yote. Injini inanoki, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo na kugonga, plagi zinakuwa nyeupe, na ukiendelea pisitoni inatoboka. Aliyesetia Mombasa akapanda Nairobi anapata kinyume chake: moshi mweusi, gari zito, petroli inakwisha haraka.

Dawa ni sensa ya pili ya MAP iliyoachwa wazi hewani, ikisoma anga peke yake, na ECU iliyoruhusiwa kurekebisha mafuta kwa kuifuata. ECU nyingi za kuseti zina nafasi hiyo. Watu hawaiunganishi tu. Kama yako haina na safari ni kesho, ongeza mafuta kwa asilimia 20 au zaidi kidogo kabla ya kuondoka, rudisha moto nyuma digirii chache, uvumilie uzito wa mwanzo. Ukifika Mtito Andei simama, toa plagi mbili, zitazame kabla hujakanyaga kuelekea Voi.